Pakanga Haitoki Mikononi

Nilimnyang'anya nyapara kopo la kumwagilia mbele ya vibarua wote. Nikajimwagia mikononi, nikajimwagia kifuani mpaka blauzi ikashikamana na mwili, na yaliyobaki nikamnawisha mwanangu uso, maana alikuwa amelia hadi kamasi zimemkaukia mashavuni. Watu wakaacha kuchuma.

"Mama Neema! Maji hii ni ya miche!" Nyapara Ambokile alipiga kelele.

"Na huyu ni mche wa nani?" nikamuuliza, nikamwinua mtoto juu amwone vizuri.

"Mambo ya watoto mimi sijui. Mimi nimewekwa hapa kwa miche."

"Hata miche huijui. Unaizamisha asubuhi, unaizamisha jioni, ikioza unasingizia panya."

Mtu akacheka nyuma yangu. Ambokile akageuka amtafute, hakumpata, akanirudia mimi. "Shuka! Toka kilimani kwangu. Na kama unataka kulalamika nenda boma. Si nyinyi wanawake mliosoma ndio mnajua njia?"

Alisema kwa dhihaka. Mimi nikayachukua kama maelekezo.

Vijana mnaofanya kazi kwenye bustani za dawa siku hizi, kila mkinikuta mnaniuliza, bibi, zamani mlikuwa mnaoteshaje pakanga hata ikawa kali namna ile? Nitawaambia. Lakini mtu akieleza kuotesha bila kueleza habari ya mikono inayootesha, amewapa nusu ya kazi, na mimi nusu sizipendi. Miaka ya hamsini nilikuwa mama kijana mwenye hasira. Hasira yenyewe bado ninayo, msidhani imeisha kwa sababu naonekana nimekaa kimya kwenye kiti.

Nilizaliwa Igowole, kwa Wahehe, kwenye ukungu na chai, nikaolewa Mbeya kwa watu wa mlimani. Nilikuwa nimefika sekondari, na msichana wa sekondari wakati ule watu walimtazama kama ameota pembe. Mume wangu alikuwa fundi seremala, kazi yake ilikuwa Chimala, akirudi nyumbani anarudi na mchele na maneno machache. Basi nikaenda Shamba la Dawa kuomba ukarani. Mwenye shamba, mzungu mmoja mzee, alisoma cheti changu mbele na nyuma, akasema ni kizuri sana, ila karani mwenye mtoto mgongoni hajawahi kumwona. Akanipa jembe. Nilitaka kukataa. Kisha nikajiambia: nitakula cheti?

Pakanga yenyewe mnaijua kwa sura. Kichaka cha kufika kiunoni, majani yamechanika-chanika kama manyoya ya kifaranga, juu kijani ya kufifia, chini meupe kama yamepakwa majivu. Ukiyafikicha harufu inakupanda mpaka kwenye paji la uso. Ni dawa ya homa, ya kikohozi, ya minyoo. Mwenye mimba haruhusiwi kuinywa, hilo hata wazee waliokataa kila jambo la hospitali walikuwa wanakubali. Sisi tuliichuma, tukaikausha, ikafungwa kwenye magunia kwenda mbali. Na magunia yalikuwa yanapimwa kwa ulimi. Mwenye shamba alikuwa anachukua jani kavu, analitafuna, nasi tunamtazama uso. Akikunja uso, gunia limepita.

Aliyenifundisha ni Mama Nzowa, mama mmoja wa Kisafwa, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuamkia mbali. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani, kama cha wengi wetu, na mimea yote aliita "huyu", kama watu.

"Wewe binti ya Igowole," aliniambia siku ya kwanza, "chai yenu anapenda ukungu, anapenda kukaa chini ya mti kama bibi harusi. Huyu hapendi. Huyu anataka jua, anataka mawe, anataka baridi ya usiku. Ukimbembeleza anaharibika."

Sikumsikia. Mbegu za pakanga ni ndogo kama vumbi la ugoro, na mimi nikazizika kama mahindi. Hazikuota. Nikangoja, hazikuota. Mama Nzowa akaja akafukua kwa kidole, akanitazama. "Umefanya mazishi," akasema. "Umeimba na pambio?"

Mbegu za namna hiyo hazifukiwi. Unalainisha udongo, unachanganya mbegu na mchanga mkavu ili usimwage zote mahali pamoja, unazinyunyiza juu, unakandamiza kwa kiganja, basi. Mwanga ndio unaoziamsha. Maji unanyunyiza kwa kishada cha majani, yaanguke kama umande, si kwa kopo lenye matundu makubwa linalosukuma kila kitu pembeni. Na mche ukishasimama, unapunguza maji. Ukiona ncha zimelegea kidogo saa za mchana usikimbie na ndoo. Jioni utamkuta amesimama mwenyewe. Tazama, na mimi nimeanza kumwita "huyu".

Kosa langu la pili lilinivunjia heshima zaidi. Niliona tuta langu limedumaa, mengine yana afya, nikaenda zizini kwa mama mkwe nikabeba samadi, nikalilisha tuta lile nikalishibisha. Pakanga ikanenepa! Majani mapana, laini, kijani ya kung'aa, kila anayepita anasifu. Nami nikawa natembea kifua mbele. Siku ya kuchuma Mama Nzowa akavunja ncha, akatafuna, akaendelea kutafuna, akameza. Akameza, mnasikia? Pakanga haimezwi hivyo.

"Hii mboga," akasema. "Nenda songa ugali."

Gunia langu lilirudishwa. Tangu hapo nikaelewa kwamba uchungu wa pakanga unatokana na shida. Udongo mwembamba wenye changarawe, mteremko ambao mvua ikinyesha maji hayatulii, upepo, baridi kali ya mwezi wa sita na wa saba. Mume wangu alichukua vipandikizi akapanda nyuma ya nyumba aliyopanga Chimala, chini kule kwenye joto, karibu na mfereji wa watu wa mpunga. Vilirefuka vikapita dirisha. Akaniletea kwa fahari. Nikamwambia ampe mbuzi. Mbuzi akala, akaomba nyingine.

Sasa shikeni hilo la mteremko mkavu, maana ndilo lililonitia matatani. Shamba la pakanga nzuri lazima liwe mbali na maji. Kijito chetu kilikuwa bondeni kabisa. Punda walipandisha madebe machache kila siku, na madebe hayo yalikuwa ya kitalu tu. Vibarua walishuka kunywa na kunawa pale chuma kilipogongwa mchana, na tena jioni. Katikati hapo hakuna kushuka. Hiyo ilikuwa amri ya Ambokile. Sina hakika kama mwenye shamba aliijua. Hakuuliza, wala hakuambiwa.

Kwa mwanamume amri hiyo ilikuwa kiu tu. Kwangu mimi ilikuwa jambo jingine. Ukichuma pakanga, utomvu wake unaingia kwenye kila mkunjo wa mkono, chini ya kucha, kwenye upindo wa nguo. Hauonekani, haunati. Unadhani mkono ni msafi, unajigusa mdomo, unatema hadi jioni. Nami nilikuwa na mtoto mgongoni ambaye hajaota jino. Akilia namfungua mbeleko, namshika kichwa, nashika titi, namwekea. Ananyonya mara moja, anakunja uso kama mwenye shamba aliyekutana na gunia zuri, anajirudisha nyuma na kupiga yowe.

Nilijaribu kila kitu, msije mkaniuliza kwa nini sikufanya hivi au vile. Nilibeba maji ya kibuyu kutoka nyumbani: yalitosha kueneza uchungu, hayakutosha kuutoa. Nilivaa soksi za mume wangu mikononi. Vibarua walicheka wakaniita Mama Miguu Minne, na utomvu ukapita kwenye sufu kama hakuna kitu. Mama Nzowa akanionyesha njia inayofaa, na hii iandikeni: unajipaka mafuta ya siagi kwanza, maana uchungu ule unafuata mafuta, halafu unasugua na majivu, halafu maji mengi. Inatoka. Lakini hayo ni mambo ya bondeni, penye maji. Nikinawa kule, nikipanda, nikichuma shada la kwanza tu, nimerudi kulekule.

Basi Neema akaanza kulikataa titi hata nyumbani, hata nimeoga. Alikuwa ameshajifunza kwamba mama ni mchungu. Akiliona titi, anageuza uso. Maziwa yananitoka yenyewe, yanalowesha nguo, na mtoto anapungua huku namwona.

Jioni moja mama mkwe alikaa akatutazama. Alikuwa mama mwenye haki, simsemi vibaya. Kwenye ndoa yangu alinitetea mara nyingi kuliko mwanawe. Alisogea, akanipitisha kidole titini, akalamba.

Akatema kwenye majivu.

"Umepaka," akasema.

"Sijapaka, mama. Ni kazi."

"Mimi nimeachisha watoto wangu wote ziwa kwa dawa hiyohiyo. Unaniambia nini? Kwetu huku mwanamke akipaka pakanga titini, kesho anatuambia ana mimba. Mume wako alikuja mwezi uliopita."

"Sina mimba!"

"Basi unamwachisha mtoto hata jino hana ili upate nini? Uende ukalime majani ya mzungu vizuri?"

Hapo ndipo penyewe. Watu wa tambarare wana shubiri, wengine wana pilipili. Watu wa mlima ule walimwachisha mtoto kwa pakanga na si kitu kingine. Titi chungu lilikuwa ni tangazo. Lilikuwa linasema: mama huyu amemaliza kunyonyesha. Na kwa mtoto mdogo vile lilikuwa linasema mabaya zaidi. Jumapili hiyo kanisani wanawake walisogeza mabega nilipokaa, nikasikia neno lenyewe nyuma ya shingo yangu: amembemenda, yaani amemdhoofisha mtoto kwa kushika mimba nyingine. Nikageuka. "Nani amebemenda? Sema kwa sauti, mchungaji naye asikie." Wakafungua vitabu vya nyimbo, mmoja kakishika juu chini.

Ukoo wa mume ukakaa. Wakaamua kwamba Jumapili inayofuata Neema apelekwe kwa mama mkwe, alelewe kwa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi, na mimi nibaki na kazi yangu kwa kuwa ndiyo niliyoichagua. Mama mkwe aliniambia bila ukali. "Acha kazi, mtoto abaki. Au shika kazi, mtoto aje kwangu. Mimi sitaki kumzika mjukuu."

"Mtoto haondoki," nikasema.

"Basi kazi iondoke."

"Na kazi haiondoki."

"Sasa mwanangu, kinaondoka nini?"

Nikamwambia kitu kitakachoondoka ni ile amri ya kushuka mara moja mchana. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. Sikumlaumu. Mwenyewe nilikuwa sijui nitaiondoaje. Nilijua tu kwamba pale kilimani kulikuwa na maji, niliyaona kila siku kwa macho yangu yakimwagwa kwenye miche iliyokuwa haiyataki, mpaka mizizi inakuwa myeusi na kunuka, na umbali wa kutema mate kutoka hapo mwanangu analia njaa juu ya maziwa yaliyojaa. Kesho yake asubuhi ndipo nililichukua lile kopo.

Nikashuka kilimani nikiwa nimelowa. Sikupitia nyumbani, ningepita ningekaa, na ningekaa ningelia. Kijitoni nikanawa mikono tena, nikamfunga mtoto vizuri, nikashika njia ya mjini. Mama Nzowa alinikimbilia hadi ukingoni akanipa kipande cha kiazi cha kuchoma. "Usiseme sana," akanionya. "Ukisema sana wataandika kidogo."

Bomani kulikuwa na afisa wa kazi, lakini ili umfikie afisa unaanza na karani wake. Karani alikuwa mtu wa mjini, Bwana Shabani, babu yake alipanda kutoka pwani na bidhaa hakurudi tena. Kofia nyeupe, Kiswahili cha kuteleza, sahani ya vitumbua mezani.

"Karibu, bibie. Shida yako?"

"Uchungu."

Akasimama. "La haula! Hospitali ni upande ule, bibie, fanya haraka, usije ukatuzalia hapa barazani!"

"Mtoto ameshazaliwa. Yuko mgongoni."

Akachungulia, akamwona. Akakaa. "Ahaa. Uchungu wa moyo, basi. Hayo ni mambo ya mume. Mambo ya waume yanapelekwa baraza la wenyeji, siku ya Alhamisi."

"Si wa moyo. Wa mikono."

"Umepigwa?"

"Sijapigwa."

"Posho mnapewa?"

"Tunapewa."

"Bibie, hapa tunapokea kupigwa, tunapokea posho, tunapokea kufukuzwa. Uchungu wa mikono sijui niuweke wapi."

Nikaona maneno yatatuzungusha mpaka ofisi ifungwe. Nikachukua kitumbua kimoja kwenye sahani yake, nikakikata kati kwa vidole vyangu, nikampa nusu. "Kula."

Akacheka. Labda alidhani Wahehe ndivyo tunavyosalimiana. Akala. Nikaona kicheko kinatoka usoni kidogokidogo, halafu kikaondoka chote, akainuka mbio hadi dirishani.

"Astaghfirullahi! Umetia nini?"

"Sijatia kitu. Nimeshika tu. Na nimenawa kijitoni kabla ya kuja. Wewe mtu mzima, mwenye meno, umetema. Huyu hana jino, na hicho ndicho chakula chake, hana kingine. Jumapili wananichukulia mtoto kwa sababu hanyonyi."

Bwana Shabani alisukutua kwa chai, akasukutua tena. Kisha akasogeza sahani ya vitumbua mbali nami, kwa adabu lakini mbali, akachovya kalamu. "Sema taratibu. Ila bibie, hii inasomwa na afisa. Nikifika kwenye... tuandike 'lishe ya mtoto'?"

"Andika titi."

"Titi?"

"Titi. Akisoma lishe atadhani nataka posho."

Akaandika titi. Haya ndiyo niliyosema, na ndivyo alivyoyaandika, kisha akanisomea neno kwa neno kabla sijatia sahihi:

Kwa Afisa wa Kazi, Mbeya. Mimi ni kibarua katika Shamba la Dawa, juu mlimani. Lalamiko langu ni moja. Pakanga inataka mahali pakavu na pa mawe, kwa hiyo shamba liko mbali na maji, na hilo silalamikii, kwa kuwa bila hivyo haiwi dawa. Lakini uchungu unaouzwa kwenye magunia unabaki mikononi mwetu tunaochuma, unatoka mikononi unaingia kwenye titi, na mtoto anakataa kunyonya. Nyapara ameamuru tusishuke kunawa mpaka chuma kigongwe, na maji yaliyopo kilimani ametukataza, ingawa yanamwagwa kwenye miche kupita kiasi hadi inaoza. Kwa sababu hiyo ndugu za mume wangu wameamini kwamba nimemwachisha mwanangu ziwa kwa makusudi, kama desturi ya huku ilivyo, na wanataka kumchukua Jumapili hii.

Naomba liwekwe pipa la maji pembeni mwa shamba, pamoja na majivu na mafuta ya kujisugulia, kwa ajili ya kila mwanamke anayenyonyesha. Naomba turuhusiwe kutoka kwenye mstari mtoto anapolia, si chuma kinapolia. Naomba mtu wa serikali aje aone kabla ya Jumapili, na amweleze mama mkwe wangu mbele ya ukoo kwamba titi langu halikupakwa.

Siombi kuhamishwa. Siombi kuachishwa kazi, wala kuhurumiwa. Kesho asubuhi nitakuwa kazini na mtoto wangu, na mpaka pipa hilo lije nitanawa kwa maji yoyote nitakayoyakuta kilimani, ninayasema haya mapema ili asije mtu akasema nimeiba.

Walalamikaji ni wawili: mimi niliyetia sahihi hapa chini, na mwanangu Neema, ambaye yeye amekwisha kulalamika kila siku tangu masika, ila hakupata wa kumwandikia.